Msaada wakuu: VPN ya kazini inagoma na kesho ni mishahara

Binti Kimara: Habari za asubuhi wakuu. Naandaa mishahara ya kampuni moja nikiwa nyumbani. Tangu jana jioni VPN ya ofisi (njia salama ya kuingia mfumo wa ofisi kupitia intaneti) inagoma: naweka nywila, inazunguka weee, kisha inaleta kosa 720. Intaneti ipo, kurasa zote zinafunguka. Ruta nimeizima na kuiwasha mara nne. Nafikiria kufomati laptopu, yaani kufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya. Nifanyeje?

Mzee wa Nasaha: Binti, hiyo VPN imesajiliwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano? Tangazo lilitoka Oktoba 2023. Tuanzie hapo.

Mama Wawili: Mzee, mwenzio ana kosa 720 wewe unaleta usajili! Pole mdogo wangu. Mimi nilikwama hivyo siku ya mwisho ya ritani ya VAT, nikafunga safari hadi kwa wifi yangu Mbezi kufuata intaneti, kumbe bando langu ndilo lilikuwa limeisha. Jaribu hotispoti ya simu.

Binti Kimara: Nimejaribu dada, kosa ni lilelile.

Fundi Waya: Basi mtandao hauna kosa, tatizo liko ndani ya laptopu. 720 mara nyingi ni WAN Miniport ya IP, ile kadi ya mtandao isiyoshikika ndani ya Windows ambayo VPN hupitia, imeshindwa kushikamana vizuri. Jana uligusa nini?

Binti Kimara: Sijagusa kitu. Windows ilijiapdeti tu.

Fundi Waya: Na nini kingine? Usinifiche.

Binti Kimara: Sawa. Waifai ilikuwa inakatikakatika, nikashusha programu ya bure ya kusasisha draiva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) zote kwa mpigo. Ilibadilisha 11, pamoja na ya kadi ya Waifai. Lakini Waifai sasa haikatiki, kwa hiyo draiva sidhani. Laptopu ni ya ofisi, ndiyo maana sijamwambia mtu wa IT. Kuna fundi nimeshamtumia elfu ishirini ya kuanzia, anakuja saa sita kufomati.

Dogo Janja wa Buza: Elfu ishirini ya kuanzia? Dada mimi nakuja kwa elfu kumi na chapati mbili.

Mzee wa Nasaha: Mali ya mwajiri ni amana.

Mpekuzi: Ngojeni kwanza. Laptopu ya ofisi mfanyakazi anasakinishaje draiva bila nywila ya msimamizi? Hii chai. Huyu anatafuta njia ya kuingia mfumo wa watu.

Binti Kimara: Nywila nilipewa printa ilipogoma, haikubadilishwa tena. Kaka, nina majina ya watu 46 hapa, nitunge ili iweje?

Fundi Waya: Mpekuzi, swali lako ni zuri, ila dalili zake zinaendana. Binti, usifomati: cheti na mipangilio ya VPN ya ofisi vitafutika, utakwama zaidi. Fungua Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), onyesha vifaa vilivyofichwa, ondoa WAN Miniport ya IP na ya IPv6, kisha iambie itafute vifaa upya. Halafu kwenye kadi ya Waifai bonyeza Roll Back Driver.

Binti Kimara: Miniport zimerudi, kosa bado. Hicho kitufe kimefifia, hakibonyezeki.

Fundi Waya: Ina maana draiva ya zamani haikuhifadhiwa. Ingia tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, weka namba iliyo chini ya mashine, shusha draiva ya kadi hiyo. Na mtu wa IT mpigie kabla fundi hajafika.

Binti Kimara: Inashuka, asilimia 38. Fundi yuko Ubungo, nimemwambia ageuze, hela abaki nayo. IT simu inaita.