KIDOLE. Ndani ya taco yangu. KIDOLE!

DadaWaRongai ameanzisha uzi, Jumanne, saa 2:41 usiku

Wadau, hata nyumbani sijafika. Naandika nikiwa kwa matatu, mikono inanitetemeka, na si baridi.

Ile nyumba ya taco, vile vya Kimeksiko vya ganda lililokunjwa na nyama ndani, mnaijua. Sitaji jina, lakini mnaijua. Kaktasi ya taa za kijani ukutani, kofia za majani ukubwa wa ungo zinaning'inia darini, tarumbeta zinalia utadhani kuna arusi jikoni. Wengine wenu ndio mlionipeleka huko na picha zenu. Mungu anawaona.

Nimeagiza taco tatu za nyama ya ng'ombe. Shilingi 950, na hiyo eti ni ofa ya Jumanne. Nimengoja dakika hamsini. Katika hizo dakika hamsini meza ya jirani wamekula, wamelipa, wamekosana, wamerudiana. Maji nimeomba mara tatu, yakaja vuguvugu kama ya kuogesha mtoto.

Halafu zikaja. Kila moja saizi ya kiganja cha mtoto wa nasari. Nikafungua ya kwanza: kabeji. Ya pili: kabeji, na kitunguu kimoja kinachochungulia kwa aibu. Ya tatu nikaona kitu cha kahawia, moyo ukaruka, kumbe ni haragwe. Haragwe moja, yatima.

Nikamwita weita kwa upole, maana nililelewa: "Samahani kaka, mbona hizi hazina nyama?"

Kijana akaniangalia. Akaangalia sahani. Akainama. Na jamani, akaingiza KIDOLE ndani ya taco yangu. Kidole cha shahada. Akapekua kabeji kama mama anayemtafutia mtoto chawa, akachomoa kipande cha nyama ukubwa wa kichwa cha kiberiti, akakiinua pale kwa ncha ya kidole, karibu na macho yangu, akasema: "Si hii hapa, mathe? Ilikuwa imejificha."

Kisha AKAKIRUDISHA. Akakifukia na kabeji, akapigapiga juu mara mbili kama mtu anayepanda mahindi.

Dakika mbili kabla ya hapo nilimwona na macho yangu akihesabu noti. Akilamba kidole, akihesabu. Kidole kilekile. Chini ya ukucha kulikuwa na mstari mweusi, nilikuwa na wakati wa kutosha kuutazama kwa sababu hakuwa na haraka.

Nikamwita meneja. Meneja akasikiliza yote, akauliza: "Lakini nyama si ilipatikana?"

Bili ikaja na ada ya huduma asilimia 10. Jumla 1,045. Huduma gani? Ile ya kidole?

Nimelipa, ndiyo, kwa Fuliza, mkopo wa M-Pesa, msiniulize. Watu walikuwa wananitazama.

KIDOLE, wadau.

---

Mzee_wa_Mutura: Nimeketi paleee.

---

NjuguKaranga: Kidole cha shahada na kinafanya uweita. Huu uchumi umetuharibu kabisa. Sisi wa diploma tutaenda wapi?

---

Bw_Kiazi: Ya kidole tumeelewa. Hebu turudi kwa "mathe". Dada una miaka mingapi?

---

DadaWaRongai: @Bw_Kiazi miaka yangu si hoja! Hoja ni kidole!

---

Bw_Kiazi: Basi ni arobaini.

---

KondaMstaafu: Mimi hiyo chakula iliniletea shida hata kabla ya kuila. Nilimpigia mama simu ushago nikamwambia leo natoka na bibi, tunaenda kula taco. Mama akanyamaza. Akasema, "Hayo ya chumbani kwenu usiwe unanipigia kunieleza." Akakata. Ni wiki ya tatu.

---

Mzee_wa_Mutura: @KondaMstaafu 😂😂 mama ako sawa. Tako la 950 na halina nyama, huo ni wizi.

---

Binti_Ngara: Dada, pole. Lakini nina swali moja tu na ujibu kwa ukweli. Uliikula?

---

DadaWaRongai: Swali gani hilo? Watu mnasoma kweli? Mtu ameingiza kidole alicholamba ndani ya chakula changu, akakipindua hivi, akatoa nyama, akairudisha. AKAIRUDISHA.

---

Binti_Ngara: Hujajibu.

---

Mwalimu_wa_Zamu: Ngojeni niwaelimishe kidogo maana hapa watu wanacheka bila maarifa. Taco ya kweli huanza na mahindi. Meksiko mahindi huchemshwa kwa maji ya chokaa, yakalazwa usiku kucha, yakaoshwa maganda, ndipo yakasagwa yakiwa bado na maji. Ile chokaa ndiyo inayofanya donge lishikane. Ukichukua unga wetu wa ugali ukaukanda kwa maji tu, ukijaribu kukunja inapasuka kama ukuta wa mkandarasi wa kaunti. Halafu ile nyama ya nguruwe inayozungushwa kwa chuma, hiyo nayo ilitokana na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni. Upishi wa Meksiko uliwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2010.

---

NjuguKaranga: @Mwalimu_wa_Zamu urithi usioshikika na huyu kijana ameushika kwa kidole.

---

DadaWaRongai: Mwalimu asante, lakini ganda halikuwa na shida. Ganda lilikuwa sawa. Shida ni kidole.

---

Mwalimu_wa_Zamu: Kama halikupasuka basi haikuwa unga wa ugali, ilikuwa ngano. Umeuziwa chapati.

---

DadaWaRongai: Sasa nina hasira mbili.

---

KibandaskiDaima: Mtu ametoka Rongai, akapanda gari mbili, akakaa kwa jam ya Ngong Road, aende kuuziwa nusu chapati na kabeji kwa 950. Kwa Mama Kibanda chapo mbili na madondo, supu unaongezewa bila kuomba, unalipa mia na unabaki na ya smokie pasua njiani. Na anakuita "kastoma wangu", si "mathe".

---

Binti_Ngara: @KibandaskiDaima na huyo Mama Kibanda anakupea chapati na nini? Kijiko?

---

KibandaskiDaima: Hiyo ni tofauti. Mkono wa Mama tunaujua.

---

Samaki_Bila_Kichwa: Wewe dada unalia kidole? Kuna pahali kwingine, mnakujua, niliagiza tilapia mzima wa kukaangwa. "Mzima", imeandikwa kwa menyu. Akaja bila kichwa. Nikauliza kichwa kiko wapi, weita akaniambia, "Huyu hakuja na kichwa." Hakuja nacho! Kama mtu aliyesahau kitambulisho! Na kichwa ndiyo sehemu naipenda. Hiyo ni jina langu sasa kwa hii baraza, mnaona.

---

Mzee_wa_Mutura: Mimi niliwekewa kilo ya mbuzi ikapimwa nikiona. Ikaenda kuchomwa. Ikarudi mbavu kumi na moja na ugali. Nikauliza, nikaambiwa nyama "imejikunja kwa moto". Imejikunja ikaenda wapi?

---

WeitaMstaafu: Mnaruhusu mtu wa upande ule mwingine aongee? Nilihudumu miaka sita. Kidole ni makosa, sitetei, hata mimi ningetaka kuzirai. Lakini pale nilipokuwa, nyama ilikuwa inapimwa kwa mzani, gramu arobaini kwa moja, na mpishi akizidisha anakatwa mshahara. Mteja akilia hakuna nyama, anayelaumiwa ni weita. Huyo kijana alikuwa anajitetea na kidole chake. Na ile ada ya huduma mnayolia, mimi nilikuwa naiona kwa risiti tu, kama nyinyi.

---

NjuguKaranga: "Alikuwa anajitetea na kidole chake." Weka hiyo kwa fulana.

---

DadaWaRongai: @WeitaMstaafu kaka nimekuelewa, na kuhusu hiyo ada nakuunga mkono. Lakini angeleta uma. Kuna uma! Uma ulikuwa PALE, kando ya sahani, umefungwa na tishu! Kidole kikapita juu ya uma kikaingia kwa taco!

---

Binti_Ngara: Ulikula?

---

DadaWaRongai: Mbili nilikula. Zilikuwa hazijaguswa.

---

Binti_Ngara: Na ya kidole?

---

DadaWaRongai: Nimefungiwa. Iko kwa mkoba.

---

Bw_Kiazi: WUEH.

---

KondaMstaafu: Ameibeba mpaka Rongai! Huyu ni mathe kweli! Ni akina mama tu wanafunga chakula!

---

DadaWaRongai: Ni ushahidi!

---

Mzee_wa_Mutura: Kesho asubuhi ushahidi umepashwa moto, umekunywewa chai.

---

Shamba_Boy_254: Hakuna mtu ameuliza kuhusu guakamole, ile avokado ya kupondwa. Pale wanauza 250, vijiko viwili. Mimi natoka Murang'a, avokado tunatupia ng'ombe.

---

Samaki_Bila_Kichwa: @Shamba_Boy_254 hamtupii ng'ombe. Mnauzia Ulaya, nzuri zote zinaingia kwa meli, halafu mnatuletea zile zilizoanguka zikagonga jiwe.

---

Shamba_Boy_254: Hizo zinazoenda Ulaya ni Hass, ndogo ya ngozi ya mikwaruzo. Wewe wa Nairobi unapenda Fuerte, kubwa ya kijani, halafu unalalamika.

---

KibandaskiDaima: Mimi hizo Hass siziamini. Zikiwa nyeusi unajuaje imeiva ama imeoza?

---

Shamba_Boy_254: Hass ikiiva inakuwa nyeusi, ndiyo tabia yake. Fuerte inabaki kijani hata ikiiva, hiyo unapima kwa kubonyeza.

---

Bw_Kiazi: Kubonyeza na nini?

---

NjuguKaranga: Kidole 😂

---

Samaki_Bila_Kichwa: Mtu akivuna changa hata ubonyeze mwezi mzima inakunjamana tu kama raba. Ndiyo sababu serikali hufunga msimu wa kusafirisha, mabroka wanakuja usiku na kutikisa miti.

---

Shamba_Boy_254: Hapo kwa mabroka usinianzishe. Walikuja kwetu na gunia zao wakataka kulipa shilingi tano moja. Tano! Na mimi ndiye nimepanda mti.

---

Mzee_wa_Mutura: Tano ni bei nzuri. Mwaka gani hiyo?

---

DadaWaRongai: Jamani, uzi ulikuwa wa kidole.

---

Shamba_Boy_254: Nina Fuerte magunia manne, zinafika Rongai Alhamisi asubuhi. Ishirini moja, ukichukua kuanzia kumi napunguza mpaka kumi na tano.

---

KondaMstaafu: Weka za kumi. Stage gani?

---

DadaWaRongai: @Shamba_Boy_254 zimeiva ama ni zile za kuweka kwa mkebe wa unga siku tatu?

---

Shamba_Boy_254: Za unga siku mbili, siste. Tatu zikiona baridi.

---

DadaWaRongai: Niwekee ishirini.