Je, bado ni lazima kujua Morse ili kupata leseni ya redio ya ridhaa? Naomba ushauri

Fundi_Mikindani:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme hapa Mikindani, Mtwara, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisikiliza masafa mafupi kwa redio ya kawaida niliyoiunganisha na waya uliofungwa kati ya minazi miwili nyuma ya nyumba. Sasa nataka kuingia rasmi katika redio ya ridhaa, yaani kuwasiliana hewani kwa kupenda tu na si kwa biashara, niombe leseni na alama ya mwito (jina la kituo hewani) ya Tanzania inayoanza na 5H.

Kinachonitatiza ni Morse, ile alfabeti ya nukta na vistari. Mzee mmoja jirani yangu, aliyefanya kazi melini zamani, ananiambia kwamba asiyeweza kupokea nukta na vistari kwa sikio haruhusiwi kurusha chini ya megahezi 30, yaani kwenye masafa yale yale yanayofika mbali. Mpwa wangu aliyeko chuoni anasema Morse ilishazikwa na nisipoteze muda. Naombeni mnieleweshe: nianze na Morse, au nianze na nadharia ya umeme na kanuni? Siwezi kuvishika vyote kwa pamoja, kwa sababu msimu wa korosho ukianza jioni zangu zote ni za shambani.

Mwalimu_Nachingwea:

Ndugu fundi, mzee wako amekwambia sheria ya enzi zake, na kwa enzi hizo alikuwa sahihi kabisa. Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zilizitaka nchi zote kumpima Morse kila mwombaji aliyetaka kurusha chini ya megahezi 30. Sharti hilo lilibadilishwa na Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio uliofanyika Geneva mwaka 2003, ambao ulikifanyia marekebisho kifungu cha 25 cha kanuni hizo, kinachohusu redio ya ridhaa, na tangu Julai 5 ya mwaka huo kila nchi imeachiwa iamue yenyewe kama itautaka mtihani huo au la. Uingereza iliuondoa mwezi huohuo na Ujerumani ikafuata Agosti. Marekani, ambako kwa miaka mingi daraja la juu lilidai kupokea maneno 20 kwa dakika, iliufuta kabisa Februari 23, 2007.

Hata hivyo, usimsikilize mpwa wako ukadhani mlango umebaki wazi bila bawabu. Kifungu hichohicho bado kinazitaka nchi zihakikishe kwamba mwenye leseni ana ujuzi wa kiufundi na wa uendeshaji. Kwa hiyo nadharia ndiyo ya kwanza: sheria ya Ohm, ambayo wewe unaijua tayari, kisha uhusiano wa masafa na urefu wa wimbi, antena, namna ya kuzuia mwingiliano na redio za wengine, na taratibu za hewani. Hapa nchini mwenye uamuzi ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Waandikie uombe masharti yanayotumika sasa kwa maandishi, na ufanye hivyo kabla hujanunua redio ya kurushia, kwa maana kurusha bila leseni ni kosa hata kama hukumsumbua mtu.

Mstaafu_wa_Bahari:

Mwalimu amesema vizuri kuhusu sheria, nami nakubaliana naye. Melini pia mambo yalibadilika: tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa dharura baharini unaotumia satelaiti na ujumbe wa kidijitali ulikamilika kuanza kutumika, na ulazima wa Morse melini ukaisha. Lakini, mwanangu, leseni ni jambo moja na kufika mbali ukiwa Mikindani ni jambo jingine.

Sauti ya binadamu kwenye masafa mafupi huchukua upana wa takriban hezi 2,400. Mawimbi ya Morse yanatosha katika hezi 150 au 200. Mpokeaji akifunga kichujio chake hadi upana huo, kelele zinazoingia hupungua zaidi ya mara kumi, na ile nguvu yako ndogo inabaki ikisikika. Kwa wati 5 kutoka kwenye betri ya pikipiki na waya wa mita 20 uliokatwa katikati kwa ajili ya megahezi 7, Morse inaweza kupita mahali ambapo sauti ingemezwa na mvumo. Redio yenyewe ni rahisi kiasi kwamba fundi kama wewe anaweza kuichomelea mwenyewe mezani. Mtu wa Kusini anayelipa kila kifaa kwa jasho lake asiipuuze hesabu hiyo.

Mama_Redio_Lindi:

Shikamoo mzee wangu. Hesabu yako ni ya kweli, ila naomba kutofautiana nawe kidogo kuhusu kipi kimfae huyu ndugu yetu mwanzoni. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya na mafuriko yaliyoikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za chini ya bahari nazo zikakatika, sisi wa Lindi tulikumbuka upesi thamani ya redio isiyotegemea mnara wa mtu. Lakini katika hali kama ile, nesi wa zahanati au mwenyekiti wa kijiji hawezi kusubiri apatikane mtu wa kumsomea nukta. Anahitaji kushika kipaza sauti na kusema. Kanuni za ITU zenyewe zinazihimiza nchi ziwawezeshe wanaredio wa ridhaa kujiandaa kwa maafa, na mimi naona maandalizi hayo kwetu yaanze na sauti.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Bendi ya megahezi 10, kuanzia 10.100 hadi 10.150, kwa kawaida haitumiwi kwa sauti. Mpango wa bendi wa IARU, umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, kwa Kanda ya 1 ambayo Afrika imo, umetoa nafasi kwa Afrika iliyo kusini mwa ikweta kutumia sauti kati ya 10.120 na 10.140 wakati wa mchana. Nafasi hiyo inatuhusu sisi moja kwa moja, kwa hiyo tuiweke kwenye mipango yetu.

Na kama shida ni nguvu ndogo, tangu mwaka 2017 kuna FT8, njia ya kidijitali ya kutuma ujumbe mfupi, inayotumia upana wa hezi 50 tu na kusikika hata chini ya kelele, ingawa inahitaji kompyuta na saa iliyo sahihi.

Mstaafu_wa_Bahari:

Marahaba, mwanangu. Kwa maafa ya kijijini nakubali, sauti itangulie. Ila hiyo kompyuta nayo inakula umeme, na umeme ndio wa kwanza kupotea.

Fundi_Mikindani:

Nawashukuru sana. Nimeamua: nadharia kwanza, barua kwa TCRA wiki hii, na Morse itakuja baada ya korosho kwa hiari yangu mwenyewe. Mzee, shikamoo. Nimeshachapisha jedwali la herufi na kulibandika ukutani. Je, nikariri herufi ngapi kwa siku?

Mstaafu_wa_Bahari:

Marahaba. Libandue hilo jedwali. Anayejifunza kwa macho huhesabu nukta kichwani, na akifika maneno saba au manane kwa dakika anakwama. Morse ishike kama mdundo wa ngoma. Anza na herufi mbili tu, K na M, zikipigwa kwa kasi kamili ya maneno 20 kwa dakika lakini zikiachanishwa vya kutosha. K isikie kama «daa-di-daa» na M kama «daa-daa», uandike unachosikia bila kufikiri. Ukipata tisa kati ya kumi, ongeza herufi ya tatu. Kitufe cha kugongea Morse usikiguse kwanza. Ukifika wakati wa kugonga, kumbuka kwamba kistari kina urefu wa nukta tatu, nafasi kati ya herufi ni nukta tatu, na kati ya maneno ni nukta saba. Wengi huibana hiyo ya saba, na hapo ndipo ujumbe hausomeki.