Tupeane uzoefu: mtu kadondoka, watu wamejaa, hakuna anayemgusa

Mama_Karanga: Jana Kilombero, Arusha, bodaboda kateleza, mguu umebanwa na pikipiki. Watu duara zima, simu juu, wanarekodi. Roho imeniuma. Wa Arusha na Moshi, yamewakuta?

Mpare_Mjini: Stendi ndiyo usiseme.

Dada_Pasua: Mdogo wangu ana kifafa. Alidondoka sokoni Mbuyuni, Moshi, katikati ya nyanya za watu. Wote wakaruka nyuma, mmoja anapiga kelele, "Msimguse, povu linaambukiza!" Kifafa hakiambukizi jamani, si kwa povu wala kwa mate! Nimepiga magoti, nimemlaza ubavu, nalia "nisaidieni", na kila mtu anamtazama mwenzake. Hasira zikanipanda. Nikamnyooshea kidole kijana mmoja: "Wewe kaka wa fulana nyekundu, niitie bajaji!" Akatoka mbio. Nikamgeukia muuza ndizi: "Mama, mkinge jua." Akavua kanga yake hapo hapo. Ndipo wakasogea wote, hadi nikaanza kuwafukuza apate hewa.

Chalii_Sakina: Moshi mna roho ngumu. Arusha angeshabebwa.

Kibosho_Juu: Kilombero iko Moshi siku hizi? Soma mada kwanza.

Mpare_Mjini: Dada, pole sana. Nimesoma mara mbili.

Mwalimu_Njiro: Hilo la kidole ndilo lenyewe. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, John Darley na Bibb Latané, waliwasikilizisha wanafunzi sauti ya mtu anayeshikwa na kifafa. Waliodhani wanamsikia peke yao, asilimia 85 walitoka kuita msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani wengine wanne wanasikia pia, asilimia 31 tu. Si ukatili, wala si Moshi na Arusha. Kila mmoja anamwachia mwenzake.

Dereva_Usa: Mwalimu, na kesi je? Nilimbeba majeruhi, nikashinda kituoni naulizwa maswali kama mimi ndiye niliyemgonga. Siku hizi napiga 112, napita.

Mama_Karanga: Unapita na mtu anavuja damu, Dereva? Angekuwa mwanao?

Kibosho_Juu: Dereva ana hoja. Na majeruhi wa ajali ukimbeba hovyo unamharibu uti wa mgongo.

Chalii_Sakina: Beba tu, uti baadaye. Wa kifafa mtie kijiko mdomoni asing'ate ulimi.

Dada_Pasua: Usithubutu! Kijiko kinavunja meno. Mlaze ubavu, ondoa vya kumgonga, angalia saa. Ikipita dakika 5 hajatulia, hospitali haraka.