Samui au tsumetai? Msaada wa haraka, wakuu

Mwana_Mbagala: Wakuu, habari za usiku. Najifunza Kijapani kwa simu, huu mwezi wa nane tangu nianze. Kamusi inasema samui ni baridi, na tsumetai nayo ni baridi. Lipi ni salama? Nahitaji jibu kabla hakujakucha.

Sensei_wa_Buza: Samui ni baridi ya hewa, ile ya kukutetemesha mwili mzima. Tsumetai ni ya kitu ukikigusa: maji, soda, barafu. Maji hayawi samui. Haraka ya nini?

Mwana_Mbagala: Udadisi tu.

Fundi_Redio: Udadisi gani usiosubiri kukuche? Tapika yote.

Mwana_Mbagala: Haya. Nina mchumba Sapporo. Jana kanionyesha baba yake kwa video, mzee kajizungushia blanketi, dirishani theluji. Nikataka kumpa pole: "Otousan wa tsumetai desu ne." Kimya. Lakini matamshi yalinyooka, na otousan ni baba, heshima nilimpa.

Sensei_wa_Buza: Yallah! Mtu akiwa tsumetai ni roho yake hiyo, hana huruma. Ungesema "samusou", anaonekana kusikia baridi. Ya mwenzio huisikii wewe.

Bi_Mkubwa: Mie mama mkwe nilimwandikia "ulale salama", simu ikala herufi, akasoma "ule salama". Akaniuliza kwani chakula chake kina nini. Hadi leo sipiki kwake. Na wasichana wa Temeke wameisha?

Mwana_Mbagala: Nafikiria kumwambia ulikuwa utani.

Sensei_wa_Buza: Usithubutu. Utani usiochekesha nao huitwa samui. Omba radhi.

Fundi_Redio: Subirini. Huyu si ndiye aliyeuliza bei ya bajaji mtumba mwezi jana? Leo ana mkwe Sapporo! Hii chai, tena haina hata tangawizi.

Bi_Mkubwa: Na imepoa.

Fundi_Redio: Sensei, chai iliyopoa ni samui au tsumetai?

Sensei_wa_Buza: Tsumetai. Ila ikipoa bila kukusudiwa, ikabaki vuguvugu, ni nurui.

Fundi_Redio: Basi uzi huu nurui.

Mwana_Mbagala: Bajaji ndiyo nauli yangu ya ndege, chekeni tu. Ujumbe ule wa utani nilikuwa nimeshautuma tangu saa mbili, kabla sijafungua uzi. Mzee amejibu sasa hivi, neno moja: "Samui."

Sensei, huko Sapporo bado kuna theluji, eti?