Mashua ya matanga inatetemeka nikitia gia: injini au rafadha?

Mwenye Mashua, Raskazone
Ndugu zangu, mashua yangu ina injini ya dizeli ya silinda tatu na rafadha ya mapanga matatu. Tangu tulipoilaza ufukweni wakati wa bamvua ili kuisugua na kuipaka rangi chini, hutetemeka vibaya kila ninapotoka bandari ya Tanga kwa injini kuukabili upepo wa kusi. Fundi mmoja amenishauri nibadilishe raba zote nne zinazobeba injini. Bei yake si ndogo, kwa hiyo ningependa kujua kwanza kama kosa liko hapo kweli.

Fundi wa Sahare
Kaka, usinunue chochote bado. Tia nanga, washa injini hadi ipate moto, kisha ipandishe mwendo polepole gia ikiwa huru. Ikitetemeka hapo, rafadha haihusiki, na tutatafuta silinda isiyochoma vizuri, nozo mbovu au raba zilizokufa. Ikitulia, funga mashua imara gatini, tia gia, uongeze mwendo kidogo kidogo, ukiangalia unaanzia mzunguko wa ngapi na kama ni mtikisiko mzito au ni mvumo.

Mwenye Mashua, Raskazone
Ahsante, fundi. Gia ikiwa huru, imetulia kabisa. Nikitia gia, mtikisiko unaanza kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika na kukua kadiri ninavyoongeza. Ni mzito, hauvumi. Gia inapunguza mizunguko kwa nusu.

Nahodha wa Kigombe
Basi shafti yako, yaani mhimili unaozungusha rafadha, inazunguka mara 750 kwa dakika, yaani takribani mara 12 kwa sekunde, na panga moja likipinda hutikisa chombo mara moja kwa kila mzunguko, jambo linalolingana na mtikisiko mzito unaoueleza. Kama shida ingekuwa mapanga yote kupita karibu mno na mbao za chini, ungesikia mvumo wa kasi mara tatu ya hiyo. Zima injini, weka ufunguo mfukoni, kisha uzame. Tafuta kamba ya nailoni au kipande cha wavu kilichojiviringisha. Shikiza kijiti karibu na ncha ya panga, uzungushe rafadha kwa mkono: nafasi kati ya kijiti na kila ncha inapaswa kuwa ileile. Mwisho, tikisa shafti juu na chini. Ikicheza waziwazi, beringi ya nyuma yenye raba ndani imelika.

Fundi wa Sahare
Nahodha amesema vyema, na kuzama hakugharimu kitu, hivyo kuanzie hapo. Hata hivyo mimi ninaishuku zaidi kaplingi, yaani kiungo cha gia na shafti, kwa sababu chombo cha mbao kikilala ubavu, uzito wote huegemea upande mmoja na injini inaweza kuachana na mstari wa shafti. Usipime chombo kikiwa nchi kavu: kiache kielee siku mbili hivi, kwa maana umbo lake hubadilika kikiingia majini. Fungua bolti za kaplingi, achanisha nyuso zake kidogo tu, upime nafasi kati yake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia) juu, chini, kushoto na kulia. Kwa kaplingi ya kipenyo cha milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Kisha zungusha upande wa shafti nusu mzunguko, upime tena. Nafasi pana ikibaki palepale, injini ndiyo iliyohama. Ikizunguka pamoja na shafti, basi shafti imepinda au uso wa kaplingi umeharibika, na hapo raba mpya hazitasaidia chochote.

Mwenye Mashua, Raskazone
Na ikiwa injini imehama, nitalazimika kununua raba?

Fundi wa Sahare
Hapana, kaka, ila kama zimepasuka, zimelowa mafuta au zimebonyea. Zikiwa nzima, rekebisha kimo cha injini kwa nati za raba hizohizo, robo mzunguko kwa kila hatua, ukipima upya kila mara kabla ya kurudisha bolti za kaplingi.