Mfupa wa Dogo uko tumboni

Shangazi Tanga: Jamani, Dogo ananiambia Alhamisi anarudishiwa mfupa wa kichwa. Namuuliza uko wapi, eti tumboni! Ananitania huyu?

Dogo: Sitanii shangazi. Ukigusa pembeni ya kitovu utausikia mgumu kama kigae 😂

Shangazi Tanga: Astaghfirullah. Sigusi.

Dada Nesi: Shikamoo shangazi. Ni kweli. Siku ile ya bodaboda ubongo ulivimba, na fuvu halitanuki. Wasingekitoa kile kipande tungekuwa tunaongea mengine. Wenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri hukihifadhi humo. Kwetu huku umeme mnaujua, bora kichimbiwe chini ya ngozi ya tumbo. Kinakaa na mwenyewe, hakichanganywi na cha mtu.

Shangazi Tanga: Marahaba. Makubwa haya.

Baba Mdogo: Miezi minne yote walikuwa wanasubiri nini?

Dada Nesi: Uvimbe uishe, kusiwe na usaha popote. Wengi hungoja miezi 3 hadi 6.

Baba Mdogo: Mbona kijana wa jirani kawekewa bati?

Dada Nesi: Bati tena baba 😄 Ile ni titaniamu. Mfupa wake uliingia usaha ukatolewa. Wa Dogo hatuununui, ila nao una kasoro: mwili unaweza kuuyeyusha polepole ukisharudi, hasa kwa vijana. Ikitokea, ndipo tunatafuta titaniamu, au ile akriliki ya meno ya bandia.

Mama Mdogo: Mimi nauliza. Anatembea, anakula, anaongea. Tunampasua tena ili apendeze tu?

Dogo: Mama mdogo, nikilala niko sawa. Nikisimama sana ngozi inazama kama bakuli, kichwa kinagonga, mkono wa kushoto unalegea. Juzi kikombe kimeniponyoka. Na helmeti naivaa mpaka chooni.

Dada Nesi: Ndiyo yenyewe. Pasipo na mfupa, mgandamizo wa hewa ya nje unaufikia ubongo. Wapo ambao mfupa ukirudi mkono unapata nguvu. Sisemi wote, siahidi. Na hatari zipo: usaha, damu kuvujia ndani, degedege. Dawa zake za degedege asiruke hata siku moja.

Mama Mdogo: Dogo, la mkono hukuniambia.

Dogo: Ulikuwa unanifulia nguo, ningekuongezea kilio.

Mama Mdogo: Haya. Nimetuma 50,000 kwa mweka hazina.

Baba Mdogo: Na damu?

Dada Nesi: Wawili wajitokeze kabla ya Jumatano. Wale chakula vizuri, wasije na njaa.

Mjomba: Niandike mimi na dereva wangu.

Shangazi Tanga: Sasa hilo shimo la tumboni wanalifukia na nini?

Dada Nesi: Wanashona tu shangazi 😂

Dogo: Angalau kitambi kitapungua bure.