Buti nyepesi za kuwindia kwa upinde mwanzoni mwa msimu, joto bado kali: naombeni ushauri

Mguu_Mzito

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu uliopita niliingia porini na buti za ngozi zile nene za kupandia milima, soli ngumu kama tairi. Niliamini buti nzuri lazima iwe nzito. Siku ya tatu nikamnyatia kulungu dume karibu saa nzima, nikafika kama hatua thelathini, mshale uko kwenye upinde. Nikasogeza mguu wa kushoto nisimame vizuri. Buti ikalia *kwiiik*. Nadhani ni pale ngozi inapokunjana juu ya vidole. Kulungu hakupoteza muda kunitazama. Jioni nilipovua, soksi zilikuwa za kukamua, na lengelenge la kisigino cha kulia lilishapasuka zamani.

Mara hii nataka nyepesi. Nimebaki na mbili. Ya kwanza ni kiatu kifupi cha wavu, hakizuii maji hata kidogo, kama gramu 400 kwa mguu mmoja. Ya pili ni buti inayopita kifundo, ina utando wa kuzuia maji, kama gramu 600. Ninakowinda asubuhi ni umande mtupu, mchana ni jua, chini ni majani makavu na mawe. Natembea kilomita 12 hivi kwa siku na begi la kilo 8. Mngechukua ipi? Na wanaojua mambo ya soksi wasinipite.

Naomba kuwasilisha.

Kimyakimya

Pole mkuu. Huyo kulungu mpaka leo anawasimulia wenzake.

Chukua cha wavu. Ule utando una vitundu vidogo mno, tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unapita. Tatizo ni kwamba mvuke hautoki kwa hiari yake. Unasukumwa na tofauti ya joto na unyevu kati ya ndani ya kiatu na nje. Nje kukiwa na joto na unyevu, msukumo unapungua, jasho linabaki na wewe. Kitambaa cha juu kikishalowa chepechepe ndiyo kabisa. Halafu siku utakayovuka kijito maji yakaingilia juu, utatembea na ndoo mbili miguuni. Cha wavu kitalowa, sikatai, lakini kinakaukia mguuni ukiwa unatembea.

Babu_Podo

Mjukuu wangu Kimyakimya amesema nusu ya kweli. Hiyo habari ya kukaukia mguuni ni mpaka umande uishe. Kwenye nyasi za kufika gotini unalowa saa mbili tatu mfululizo, na ngozi iliyolowa ndiyo inayochubuka upesi. Wavu pia unaingiza vumbi, mbegu za nyasi na vijiti vya miiba. Nimewahi kukaa kwenye maficho asubuhi nzima na mwiba mmoja chini ya unyayo, siwezi kuinama kuutoa kwa sababu wanyama walikuwa mbele yangu. Ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele.

Mimi ningechukua buti ya kupita kifundo. Sisemi itakuzuia kuteguka, maana nimeteguka nikiwa nazo. Nasema itazuia takataka.

Mguu_Mzito

Shikamoo babu. Swali la kijinga: hizo gramu 200 za tofauti kweli mtu anazisikia? Dukani nilishika moja moja sikuona kitu.

Kimyakimya

Dukani umeinua mara moja. Kilomita 12 kwa hatua ya sentimita 70 ni hatua zaidi ya 17,000, yaani kila mguu unainuka zaidi ya mara 8,500. Zidisha kwa gramu 200. Ni tani 1.7 za ziada kwa kila mguu, kila siku. Uzito wa mguuni unachosha mara kadhaa kuliko uzito huohuo ukiwa mgongoni, kwa sababu unaurusha mbele na kuusimamisha kila hatua. Na mguu uliochoka hauinuliwi, unaburuzwa. Ukiburuza kwenye majani makavu, kila mwenye masikio ameshajua uko wapi.

Soksi_Tatu

Mnabishana utando mtu hajajua hata saizi yake. Kaka, nenda dukani jioni, miguu ikishavimba kwa shughuli za siku, na uende na soksi zilezile za porini. Vaa miguu yote miwili, wengi wetu mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, na unanunua kwa kufuata ule mkubwa. Tafuta ngazi ushuke. Vidole vikigonga mbele, rudisha hata kama umekipenda vipi. Kisigino kikiinuka wakati wa kupanda, hilo ndilo lengelenge lako la mwaka jana.

Kisigino kinatulizwa kwa kamba. Kwenye matundu mawili ya juu kabisa, kila kamba iingize upande wake uleule ibaki kitanzi kidogo. Kisha kila ncha ipitishe kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, funga. Utasikia kiatu kinashika kifundo bila kubana vidole.

Soksi: sufu ya kondoo wa merino, nyembamba au ya wastani. Inafyonza mvuke mwingi kabla hujahisi imelowa, na hainuki haraka. Pamba achana nayo, ikishalowa inakaa na maji na kusugua. Mimi nabeba jozi tatu. Mchana navua, miguu inapata hewa dakika kumi, navaa kavu, zilizolowa naning'iniza nje ya begi. Na ukisikia sehemu inachoma, simama bandika plasta hapohapo. Usijiambie utabandika ukifika, hutafika vizuri.

Peku_Peku

Hakuna aliyegusa kilichomkosesha kulungu: kelele. Soli ngumu inavunja kijiti kabla mguu haujajua kuna kijiti. Soli laini inayokunjika mbele unakisikia chini ya unyayo, unahamisha uzito, unatua pengine. Kitambaa nacho kiangalie. Nailoni ngumu ikipita kwenye nyasi inapiga kelele kama karatasi, ila ngozi ile ya manyoya laini imetulia. Dukani chuchumaa, piga goti, simama kwa mguu mmoja kama unavuta upinde. Kikilia humo ndani, porini kitaimba.

Mimi hatua hamsini za mwisho navua viatu kabisa, naongeza soksi nene, nanyatia hivyo. Ni pale tu ambapo ardhi haina miiba. Na funga utepe kwenye tawi ulipoviacha, tafadhali. Niliwahi kumkosa mnyama kwa dakika mbili halafu nikatafuta viatu vyangu mwenyewe mpaka giza likakaribia.

Tope_Tupu

Gambuti za mpira. Hazivuji, hazibebi harufu. Mjadala ufungwe.

Soksi_Tatu

Kilomita 12 kwenye jua na gambuti? Wewe unawinda au unajichemsha? Zinamfaa anayekaa sehemu moja karibu na maji. Na harufu inatoka mwili mzima, upepo ukigeuka gambuti haikusaidii kitu.

Mguu_Mzito

Mrejesho wakuu. Sikuchukua yoyote kati ya zile mbili, Babu na Kimyakimya mgawane ushindi. Nimepata ya kupita kifundo isiyo na utando, ngozi laini na kitambaa, gramu 490, soli inakunjika kwa mkono. Kwa ajili ya umande nimenunua vile vitambaa visivyopitisha maji vya kuvalia kutoka kwenye buti hadi chini ya goti, navivua jua likipanda. Nimeshatembea nazo kilomita 8 na begi, kamba nimefunga kwa mtindo wa dada Soksi. Kisigino salama. Kidole cha mwisho cha kushoto kinasuguliwa kidogo, nimekipiga plasta mapema.

Zile nzito nifanyeje? Bado nzima, zinalia tu.

Babu_Podo

Umewahi kutoa soli ya ndani? Mara nyingi mlio ni wa hiyo inasugua chini yake, wala si ngozi. Toa, nyunyiza poda kidogo, rudisha. Ukikuta bado, paka mafuta ya ngozi kwenye mkunjo na kwenye ulimi. Na zikilowa usizianike karibu na moto, ngozi itapasuka na gundi itaachia. Jaza magazeti ndani, badilisha yakilowa.

Mguu_Mzito

Nimetia poda. Zimenyamaza kabisa, nimezunguka nazo sebuleni dakika ishirini. Babu, ungeniambia mwaka jana.